Kulwa Ndani ya Kabati la Vioo

Siku ya treni, Mpanda nzima huhamia stesheni. Mwaka ule wa 1976 ilikuwa hivyo hivyo: wenye magunia ya karanga, wenye kuku, wenye wageni na wasiongoja mtu. Theopista, opereta wa simu wa Posta, alikuwa amefuata mfuko wa barua, gauni la krimplini la manjano limemkaa sawasawa, ndipo kona ya kabati ikamchoma ubavuni.

"Wee! Unataka kuniua?"

"Samahani dada. Nikiliachia linapasuka, nikilishika linakuchoma. Chagua wewe."

Alikuwa kijana mrefu, nywele zimetimka, bugaluu inafagia vumbi la reli, chaki inachungulia mfuko wa shati. Kabati la vioo kalikumbatia kama bibi harusi.

"Mwalimu, hiyo suruali mkuu wako ameiona?"

"Ameiona. Kasema ataichoma moto, na mimi nikiwa ndani."

Theopista akacheka mpaka ubavu ukasahaulika. Akamshikia upande mmoja, wakapanda na kabati mpaka kwenye nyumba ya mawe. Kijana aliitwa Thadei, Mfipa.

Nyumba ile kila mtu aliijua. Aliijenga bwana mkubwa wa mgodi: baraza pana, bati jekundu, bembea ya chuma ya mtoto wake. Mtu mweusi mwisho wake mlango wa jikoni. Mgodi ulipofungwa, mzungu akaondoka, wakaingia popo, yakaingia mahindi, wakarudi popo. Sasa Thadei alikuwa ameiomba iwe makumbusho ya watoto, waone babu na bibi zao walichezea nini. Kapewa miezi mitatu. Afisa wa mkoa akija asiporidhika, nyumba inarudi kuwa ghala.

Basi mapenzi yakaanzia kwenye waya, Thadei akipiga kutoka ofisi ya elimu.

"Nambari, tafadhali."

"Nipe moyo wa opereta."

"Laini hiyo ina mtu."

"Nani huyo nimpige ngumi?"

"Anayepiga."

Jumapili baada ya misa walikuwa barazani wakisugua sakafu na kupanga vitu vilivyoletwa na watoto: pia, manati, magari ya mabua, ngoma za makopo. Rafu ya wavulana ikajaa mpaka ikamwagika. Ya wasichana ilikuwa na magunzi mawili yaliyofungwa vitambaa, basi.

Siku moja Theopista akaweka ufagio chini. "Kitendawili."

"Tega."

"Tumekuja wawili, sahani mbili, anayetafuna mmoja."

"Mtu na kivuli chake."

"Kivuli kinatengewa sahani? Toa mji."

"Haya, nakupa Sumbawanga."

"Nimekwenda Sumbawanga, nimekula samaki wa Rukwa, nimerudi. Ni mimi na Kulwa."

Akamweleza. Nyumbani yeye ni Doto, pacha aliyefuata. Kulwa alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Mama yao, Marsela, alikuwa yaya wa mtoto wa mzungu, humu humu ndani. Aliomba ruhusa, akanyimwa, alipofika kijijini Kasokola akakuta wanachimba kaburi. Baba akachonga kamti kadogo, urefu wa shibiri, kakawa Kulwa. Tangu hapo Doto akipata tonge, Kulwa naye. Doto akishonewa gauni, kipande kinakatwa cha Kulwa.

"Na atakayenioa anatuoa wote," akasema. "Majembe mawili, vitenge viwili. Na wazee wa upande wake wamwone na yeye, si mimi tu."

"Basi nitaoa wawili na Padri asijue," Thadei akasema, akamshika mkono. Akaona macho ya mwenzake hayacheki, naye akaacha kucheka.

"Sijawahi kumwambia mtu, Thadei."

"Umeniambia mimi. Limekwisha."

Ijumaa moja, kesho yake afisa anakuja, Theopista alikaa zamu ya opereta mwenzake, Goreth, aliyekuwa na homa. Thadei hakujua. Ikaingia simu ya Sumbawanga, laini ina mikwaruzo, opereta hana budi kusikiliza asije akaikata.

"Rafu ya wasichana imejaa, Bwana Afisa," sauti anayoipenda ikasema. "Tuna mwanasesere wa kale, wa mti. Nguo zake ukiziona! Nimempata Kasokola."

"Safi! Huyo ndiye nitakayempiga picha."

Theopista hakukata laini. Alingoja wamalize, akaandika dakika zao kama kazi inavyotaka.

Zamu ilipokwisha akapanda baiskeli mpaka Kasokola. Mama Marsela alikuwa anapepeta mpunga, uso unang'aa.

"Mwanangu! Kwa hiyo wazee wamemwona? Mwenzio alikuja Jumatano, akasema umemtuma amchukue Kulwa wakamwone. Nikampaka mafuta. Nikamfungia na karanga za njiani."

Theopista akakaa chini pale pale kwenye pumba.

"Wamemwona, mama," akasema. "Kesho namrudisha."

Jumamosi alivaa gauni lile lile la manjano. Watoto walijaa bembeani na barazani, afisa kashika kamera. Kulwa alisimama nyuma ya kioo na kale kagauni ka manjano, mafuta ya mama bado yanang'aa usoni. Chini yake karatasi, mwandiko wa Thadei: *Mwanasesere wa kale. Asiguswe.*

Theopista akafungua kabati.

"Dada, haviguswi!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Huyu si wa kuchezea, baba. Huyu ni dada yangu. Aliugua wakati mama yetu anambembeleza mtoto wa wenyewe chumba hiki, asiruhusiwe kwenda." Akamgeukia afisa. "Bwana Afisa, nyumba ni nzuri, waachieni watoto. Rafu hiyo watajaza wenyewe. Ila huyu hakuletwa, alichukuliwa kwa uongo."

Afisa akashusha kamera. Thadei akamfuata mpaka kwenye mlango wa jikoni.

"Doto, nisikilize! Wangeifanya ghala. Jumatatu ningemrudisha, wallahi mama asingejua."

"Mimi je?"

"Nilitaka kukuambia..."

"Ulimwambia mama yangu kwamba wazee wako wanamwona. Akampaka mafuta, Thadei. Akamfungia karanga." Akamtazama mikononi. "Zile karanga ziko wapi?"

Thadei akatazama chini. "Nilizila njiani."

Theopista akampakata Kulwa, akaondoka.

Nyumba haikuwa ghala. Watoto wa kike walileta magunzi, vibuyu, wanasesere wa udongo, rafu ikajaa. Wiki ya tano Thadei akaja Kasokola, safari hii na wazee wawili kutoka Ufipa, majembe mawili, kitenge kikubwa na kingine kidogo cha shibiri, maua yale yale. Na fungu la karanga. Akapiga magoti mbele ya Mama Marsela, akaomba radhi, hakujitetea hata neno.

Mama akamtazama binti yake. "Useme wewe. Mimi nimeshadanganywa mara moja."

Theopista alivipapasa vile vitenge muda mrefu. Alimpenda, hilo halikuwa limekwenda popote. Akachukua kile kidogo na karanga.

"Cha Kulwa tumepokea, ni haki yake," akasema. "Hiki kikubwa rudi nacho. Kila utakaponiambia umetumwa na mtu, nitamwona mama anapaka mafuta. Siwezi kuishi hivyo."

Wazee wakaaga, wakaondoka. Alipogeuka kona Thadei alitazama nyuma. Theopista alikuwa ameshaingia ndani, amefungua sanduku kama anayekiweka kitenge, asilie mbele ya watu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, taa ya ofisi ya elimu ikawaka kwenye ubao wa simu. Akachomeka waya.

Sauti anayoipenda, taratibu: "Kitendawili."

Goreth, kiti cha pili, akaacha kutafuna. Theopista akafumba macho. Neno moja tu lilitakiwa, watoto wote wa Mpanda wanalijua.

"Nambari, tafadhali," akasema.