Mkono wa Aliyeiunda

Hadi leo sijaelewa kwa nini kompyuta ile iliwaka kwa mkono wa kila mtu isipokuwa mkono wa mtu aliyeiunda. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara. Niliibonyeza mara mbili kwa kidole changu mwenyewe, na mara zote mbili feni zilizunguka. Tangu hapo nimewauliza wanaojua umeme na wanaojua roho, na kila mmoja amenipa jibu la fani yake. Hakuna lililonitosha.

Harlan Skogen aliiunda mwezi wa Oktoba katika chumba cha chini cha nyumba yake hapa Fargo, pamoja na binti yake Britta, aliyekuwa na miaka kumi na minane. Walinunua kipande kimoja kimoja, wakavitandaza juu ya taulo, wakafunga skrubu kwa zamu. Ikawaka walipoibonyeza mara ya kwanza, jambo ambalo ni nadra, na Harlan akajisifu wiki nzima kama mtu aliyepata mjukuu.

Jumamosi ya pili ya Desemba alikwenda ziwani peke yake kuvua kwenye barafu, mapema mno, kabla barafu haijashikana sawasawa. Ikamvunjikia. Alirudi saa tisa alasiri akiendesha gari mwenyewe, nguo zimemgandia mwilini kama mbao. Alipoulizwa ametokaje majini alisema, "Nilitoka tu." Mkewe Renae alimweka kwenye maji ya uvuguvugu, akamshukuru Mungu, na hakuuliza tena.

Siku ya tatu Harlan alishuka chini akabonyeza kitufe. Kimya. Hata taa ndogo ya mbele haikuwaka.

Mwanzoni lilikuwa tatizo la kawaida. Aliangalia swichi ya nyuma, ambayo kila mjenzi wa kompyuta husahau kuiwasha na kuona haya. Ilikuwa imewashwa. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavipuliza, akavirudisha. Wenye fani hiyo wana utaratibu wao: unatoa kipande, unaweka mahali pake kingine unachojua ni kizima, unajaribu, ugonjwa ukipona, umekijua kibovu. Harlan alibadilisha boksi la umeme, akabadilisha prosesa, akabadilisha bodi kuu. Mwisho aliitoa bodi nje ya kasha, akailaza juu ya boksi lake la karatasi, akagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Kimya.

"Kuna mtu anaichezea," alisema mezani siku hiyo.

"Nani?" Renae aliuliza. "Paka? Hatuna paka."

"Sijasema paka."

"Basi sema unamsema nani, chakula kinapoa."

Kesho yake Britta aliona kipande chembamba cha mkanda wa gundi kimebandikwa chini kabisa ya mlango wa chumba cha chini, mahali ambapo kingekatika mtu akiufungua.

Jumapili moja baada ya ibada, Harlan akiwa kwenye gereji, Britta aliukata mkanda ule makusudi, akashuka, akabonyeza. Mashine ikawaka. Feni zilizunguka, skrini ikang'aa, na picha yao wawili waliyopiga Oktoba, wameshika bisibisi kama mikuki, ikatokea. Alikuwa bado anaitazama alipohisi harufu nyuma yake. Ilikuwa harufu ya tope la chini ya ziwa, majani yaliyooza miaka mingi mahali pasipofika jua; na nje kulikuwa na barafu ya unene wa mkono mzima.

"Ulifanya nini?" Harlan aliuliza. Britta hakuwa amemsikia akishuka ngazi.

"Nimebonyeza tu, Baba."

"Na mimi huwa nabonyeza kwa kitu gani? Kwa kiwiko?"

"Labda una mkono mzito."

Britta alicheka. Harlan hakucheka. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya kasha polepole, kama mtu anayempapasa mbwa asiyemwamini, na mashine ikazimika.

"Nani alikuonyesha?" alisema. "Mama yako?"

Tangu siku hiyo nyumba iligawanyika. Harlan aliamini kwamba mkewe na bintiye wana siri ya mashine na wanamficha ili aonekane hafai. Simlaumu, mtu anayefungiwa mlango na kitu alichokijenga kwa mikono yake atamtafuta aliyefunga. Renae naye alikuwa na lake, na alimwambia Britta kwenye chumba cha kufulia, mashine ya kukaushia nguo ikinguruma ili sauti zisipande juu.

"Februari hii, umeshawahi kumwona baba yako akigusa kitu ikaruka cheche?"

Britta alifikiri. Majira haya hewa yetu ni kavu kiasi kwamba mwili hujaa umeme: ukivuka kapeti kwa soksi ukagusa kitasa, cheche inaruka, na mke na mume wakibusiana asubuhi wanang'atwa midomo. Cheche hiyo ndiyo wajenzi wa kompyuta wanayoiogopa kuliko kitu chochote, maana huua vipande.

"Sikumbuki," alisema.

"Mimi nimechunguza, mwanangu. Kila asubuhi tangu Krismasi ninamtazama akivuka kapeti kwa soksi na kushika kitasa. Hakuna. Umeme haukai mwilini mwake, unashuka chini kama kwenye bomba la maji. Na kapeti chini ya kiti chake ina unyevu. Nimeikausha mara nne."

"Mama, unasema nini?"

"Sijasema kitu. Nataka aje mtu mwingine aangalie, nisije nikawa ninamwonea."

Aliyekuja ni LaDonna Fiske, fundi wa kompyuta kutoka Moorhead, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Alifika Jumamosi mchana. Alibonyeza kitufe, mashine ikawaka. Akamwomba Harlan abonyeze, ikafa. Akarudia mara tano. Kisha akavua miwani.

"Umebadilisha nini mpaka sasa, bwana?"

Harlan akataja vyote.

"Na nini hakijabadilishwa?"

Harlan alitazama mikono yake mezani. "Mimi," alisema.

"Tusikimbilie huko. Huenda ni umeme wa mwili tu." LaDonna akatoa mkobani ule ukanda wa mkononi ambao mafundi hufunga, wenye waya unaobanwa kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi, ili umeme wa mwili ushuke taratibu bila kuua kitu. Akamfunga Harlan. Kabla ya kuubana ule waya popote, akachukua mita yake ya kupimia umeme, akagusisha ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Harlan na nyingine kwenye bomba la maji ukutani, ili apate kipimo cha kwanza, na mita, ambayo kwa mwili wa binadamu hubaki kimya, ikalia mlio mmoja usiokatika, kama inavyolia ncha zake mbili zikigusa waya mmoja wa shaba, ikaendelea kulia huku tone la maji likishuka kutoka chini ya ule ukanda, likafuatwa na la pili, jeusi kidogo, na harufu ya tope ikapanda ikajaa chumba kizima mpaka Britta akaziba pua kwa mkono wa sweta, na Harlan akiwatazama mmoja baada ya mwingine kwa macho ya mtu ambaye naye anaogopa, akiuliza kwa sauti ya chini, "Mnanificha nini? Kwa nini hamniambii?"

Jikoni, Harlan akiwa amebaki chini, LaDonna alikunywa kahawa akiwa amesimama.

"Mimi ni fundi, dada. Sisemi zaidi ya nilichopima. Mumeo tayari ameunganishwa na ardhi. Ila si kwa ukanda wangu, na sijui ni ardhi ya wapi."

"Huyo siye," Renae alinong'ona.

"Hilo sikulipima."

"Kama siye," Britta alisema, "baba yangu yuko wapi?"

LaDonna alizungusha kikombe. "Kwenye kazi yetu, ukitoa kipande kizima ukaweka kingine, kile kizima hukitupi. Unakiweka pembeni, mpaka ujue."

Hapo ndipo lilipoamuliwa, bila mtu kulitamka lote: kwamba kilichoingia kirudishwe kilikotoka kabla barafu haijaanza kuyeyuka, ili aliyewekwa pembeni apate njia. Renae alisema hataweza kumpeleka. Amelala kando yake miezi miwili, na hata kiwe na ubaya gani, kilimletea kahawa kitandani kila asubuhi. Britta akachukua funguo za gari.

Yule mwenye sura ya Harlan alikuja bila kubishana. Njiani aliuliza mara moja tu, "Ziwani?" na Britta akasema, "Ndiyo," naye akafunga mkanda wa kiti. Saa tisa jua lilikuwa bado liko juu, barafu inaumiza macho kwa weupe. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, bila glavu, huku Britta akishusha keekee ya kutobolea barafu, akitoboa tundu baada ya tundu kwa mduara, kisha akikata kati ya tundu na tundu kwa msumeno, akilia bila sauti, mpaka donge la barafu likalegea akalisukuma chini, na maji meusi yakapanda yakatulia.

Yule aliyekaa kwenye ndoo alisimama akaja kulitazama shimo. Alilipima kwa macho, kama Harlan alivyokuwa akipima kasha kabla ya kuingiza kipande.

"Panua kidogo, mwanangu," alisema kwa upole. "Tutakuwa tunapishana."

Britta akauchukua tena msumeno, akapanua.