Umekula Wali, Bwana Msimamo?

Penzi la Anjitha lilianza kwa ugomvi, kwenye meza ya kupokea wageni, katika ukumbi wa chuo mjini Thrissur uliofurika watu, joto na harufu ya mchuzi uliokuwa ukichemka uani. Ulikuwa mkutano wa mwaka wa watu wa programu huria, zile ambazo yeyote aweza kuzitumia, kuzifungua na kuzirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Anjitha alivaa sari ya pamba yenye pindo la dhahabu, jasmini nyweleni, na alikuwa akitabasamu tangu asubuhi mpaka mashavu yanamuuma. Ndipo akasimama mbele yake kijana mrefu, shati limepauka, msuli mweupe wa kiunoni ameukunja magotini.

"Kaka, piga picha alama ile ukutani, ujaze fomu kwenye simu."

"Fomu ya nani?"

"Yetu."

"Si yenu. Ni ya kampuni ya ng'ambo. Mnahubiri uhuru, na ufunguo wa mlango mmempa tajiri?"

Foleni ikaguna.

"Bwana msimamo, wali umepikwa kwa hesabu ya fomu. Hujajaza, huli."

"Basi sili."

Na kweli hakula. Mchana wenzake waliketi mbele ya majani ya mgomba yaliyopakuliwa wali, yeye akaketi ngazini na kompyuta yake. Anjitha alimtazama akachukia, akamtazama tena akamhurumia, akambebea jani lake mwenyewe.

"Umekula wali?"

"Unajua sijala."

"Kula nusu. Achari ya maembe usiguse, hiyo yangu."

"Naitwa Vysakh."

"Nani kakuuliza? Kula."

Kumbe wote wawili walikuwa katika mradi mmoja: programu inayowasomea vipofu Kimalayalam, lugha ya jimbo lao, kwa sauti. Mama yake Anjitha, Sarojini, alipofushwa na kisukari, na kila asubuhi mashine ilimsomea gazeti. Mradi wenyewe ulikaa kwenye tovuti ya kampuni ile ile. Huko vipofu wa jimbo zima waliandika malalamiko yao: neno hili linatamkwa vibaya, lile linalia kama mbuzi. Vysakh alikataa kufungua akaunti. Alijibu kwa barua pepe tu, na kila mjadala ulimfikia kwa barua pepe. Wenzake wakamwita babu wa posta.

Chini ya mabishano makali, Anjitha alizoea kuandika: "Umekula wali?"

Naye hujibu mbele ya watu wote: "Nimekula, karani wangu."

"Huyo kijana wa barua," mama akauliza, "lini atakuja kwa miguu?"

Likaja suala la kuhamishia huko hata mazungumzo ya kila siku ya kikundi. Vysakh alipiga simu, sauti imekaza.

"Anji, programu ni yetu, kila mtu ana nakala. Lakini maneno yetu je? Siku wakifunga mlango tutabaki na mashine isiyo na kumbukumbu. Tuyaweke kwenye seva, kompyuta yetu wenyewe."

"Wewe unataka kuwa safi. Mimi nataka mama asomewe gazeti. Hiyo seva yetu wenyewe ataitunza nani? Wewe?"

Vysakh akakata simu. Tangu siku ile hakuandika tena, wala simu hakupokea. Anjitha aliandika chini ya mjadala, "Umekula wali?" Neno likabaki pale, bila jibu, kila mtu akilipita kama anayepita mbele ya nyumba ya msiba. Ikasikika yuko mji wa mbali, Bengaluru. Anjitha akajiambia: ameupenda msimamo wake kuliko mimi.

Mvua za mwaka uliofuata zikaja na balaa. Kampuni iliifunga akaunti ya mradi. Ujumbe ulisema sheria imevunjwa, haukusema ipi. Anjitha alikata rufaa, akajibiwa na mashine. Programu ilikuwa salama kwenye kompyuta za watu, lakini mijadala yote ilipotea: nani alilalamikia neno gani, na lilitibiwaje. Toleo jipya likaanza kuharibika, na hakuna aliyekumbuka dawa.

"Mwanangu," mama akasema asubuhi moja, "leo gazeti linabwabwaja." Akaizima mashine mwenyewe, akaketi amekunja mikono.

Anjitha akameza aibu, akapiga simu. Safari hii ilipokewa.

"Ulisema kweli. Haya, furahi."

"Sifurahi, Anji. Nimeona walivyofunga."

"Maneno yote yamekwenda."

Honi za Bengaluru zililia upande wa pili.

"Ninayo," alisema Vysakh. "Sikujitoa kwenye mijadala. Kila mlichoandika kilinifikia kwa barua pepe, mpaka walipofunga."

"Hata ile ya wali?"

"Hiyo naisoma kila siku."

"Na hukujibu! Wewe ni mtu au jiwe?"

Walikutana stesheni ya Thrissur, mvua ikipiga mabati. Msuli haukuwapo. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, na shingoni kulining'inia kadi ya kampuni, moja ya zile zile alizokuwa akizilaani. Anjitha aliitazama kadi.

"Baba figo zimekufa," alisema Vysakh. "Anasafishwa damu kila wiki, ndiyo nikaajiriwa. Mkataba wa kazi unasema chochote ninachoandika, hata nyumbani, ni chao. Sikutaka wapate hata uzi wa kuushikia mradi. Hata neno moja la wali."

"Ungeniambia kwa simu!"

"Ningesemaje? Mimi niliyekataa kula kwa ajili ya fomu?"

Anjitha alicheka, kisha akagundua kuwa analia. Alitaka kumwambia aache kazi. Akamfikiria mzee kitandani, akalimeza neno hilo.

"Mtunze baba," alisema.

Vysakh akamwekea kiganjani flashi ndogo nyeusi, akavifunga vidole vya Anjitha juu yake, akavishikilia mpaka filimbi ya treni ilipolia.

Barua zile zilipandishwa kwenye mashine kuukuu pale chuoni, mali ya kikundi, wakiitunza kwa zamu. Zamu zilichosha. Wengine walinung'unika, wengine wakahamia kwa kampuni nyingine. Lakini maneno yalirekebishwa moja baada ya jingine, na asubuhi moja mama akasema, "Sasa linasema kama mtu." Kutoka Bengaluru hakukuja kitu.

Hadi mchana mmoja wa Karkidakam, mwezi wa mvua kubwa, mbingu zimeinama, Anjitha akiwa jikoni, kompyuta ikalia. Mikono ilikuwa na unga.

"Mama, bonyeza isome."

Mashine ikasoma, kila neno likatoka sawasawa: "Kutoka kwa Vysakh. Jibu kwa: Umekula wali? Bado sijala, karani wangu. Baba ametutoka Jumanne. Jana nimerudisha kadi yao. Zamu ya seva niandikeni mimi. Nakuja, nibakizie nusu."

Mama aliuelekeza uso mlangoni.

"Maskini mtoto," alisema. Kisha: "Anjitha, nenda kakate jani la mgomba. Kubwa."