Nukta Saba Shingoni mwa Rasi

Upepo uligeuka saa tano asubuhi, na kufika saa sita boti yao ya bati ilikuwa ikirushwa kama kifuniko cha sufuria. Meli iliyowaleta kutoka Stockholm hadi bahari ya barafu ya kaskazini ilikuwa imetia nanga upande wa pili wa rasi. Wao wawili, Kiprono dereva wa boti na Wamaitha mchora ramani, walikuwa wametumwa kupima kina cha maji.

"Tuizunguke rasi," Kiprono akapaza sauti. "Mwendo wa saa nne tu."

"Saa nne za kuzama, Baba Shalom! Kuna mlango wa bahari hapa shingoni mwa rasi. Nusu saa tuko ng'ambo."

Akamwonyesha ramani. Aliichora mwenyewe ofisini, akinakili kazi ya afisa wa jeshi la majini aliyeipima pwani ile karne moja na nusu iliyopita.

"Kuna mtu amewahi kupita humo?"

"Si huyo afisa alipita!"

Asubuhi ile ile, wakinywa chai kabla ya kuteremsha boti, Wamaitha alikuwa amemchekesha Kiprono kwa desturi ya mabaharia wa zamani: hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, likiwanasa, waliliita kwa jina la aliyewaingiza. "Angalia lisije likaitwa Kiprono," alimtania. Sasa Kiprono hakucheka. Aligeuza usukani, wakaingia.

Waliruka majivu wakakanyaga moto. Maji yalitulia, kuta za mawe zikawasogelea kulia na kushoto, kisha mbele yao ukasimama ukingo wa kokoto na barafu. Hapakuwa na mlango wowote. Ndipo Wamaitha alipokumbuka nukta alizoziona kwenye ramani ya yule afisa.

Nyuma yao upepo ulikuwa ukisukuma barafu ndani ya hori. Vipande vikubwa kama matrekta vilikuja vikisagana, vikaibana boti mpaka ikapasuka ubavu. Wamaitha aliruka kwenye kokoto. Kiprono alirudi kuchukua mfuko wa chakula, na barafu ikamdaka mguu wa kulia, kiatu kikajaa maji. Alitoka na mfuko. Redio ilikwenda na boti.

Walitembea siku mbili, kwa kuchechemea juu ya mawe na barafu, kuvuka shingo ile, chini ya jua lisilotua wala kupasha joto. Wamaitha alibeba mfuko, na Kiprono akamwegemea begani.

"Usile theluji, Baba Shalom. Iyeyushe kwanza."

"Twende upande gani?"

"Upepo uwe shavu la kushoto. Mguu unauma?"

"Jana uliuma. Leo hauumi."

Wamaitha aliujua ubaya wa jibu hilo, maana mguu uliokufa kwa baridi hauumi tena, akaongeza mwendo.

Siku ya pili, wakipumzika nyuma ya jiwe, Kiprono alimlaani yule afisa. "Mwongo mkubwa! Mtu anachora njia ambayo haipo?"

Wamaitha angenyamaza, nani angejua? Lakini bega lake lilikuwa limebeba uzito wa mtu huyu tangu jana.

"Hakudanganya," akasema. "Aliweka nukta saba. Kwao nukta ni kusema: nimeona kwa mbali, sijafika. Mimi ndiye niliyeziunganisha zikawa mlango."

"Kwa nini?"

"Ramani ilikuwa inachukiza macho. Na ilikuwa Ijumaa, nilitaka kwenda nyumbani."

Kiprono akamshika bega tena na kuinuka, maana bega jingine halikuwepo.

Mabaharia wa meli waliona koti jekundu la Wamaitha likipungwa juu ya mwamba. Huko Stockholm madaktari waliukata mguu wa Kiprono juu kidogo ya kifundo. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mapema.

Miezi mitatu baadaye Wamaitha alikwenda Bredäng, mtaa wa Stockholm alikokaa Kiprono, na ramani mpya, yenye shingo iliyofungwa. Shalom, bintiye Kiprono, alifungua mlango.

"Pappa, det är hon," akasema kwa Kiswidi, yaani baba, ni yeye, akaingia chumbani kwake bila kumwamkia.

Kiprono alikuwa kwenye kochi, magongo kando.

"Ofisini wanataka lile hori lipewe jina," Wamaitha akasema. "Emilia, bosi wangu, anataka liwe lako. Kukuheshimu."

"Emilia anajua habari za nukta?"

"Nilimwambia. Alisema nisiandike kwenye ripoti."

"Na ile desturi uliyonichekesha nayo, wewe umeisahau?"

Kiprono akachomoa kalamu mfukoni mwa shati na kumpa. "Basi andika jina la aliyetuingiza."

Wamaitha akaandika lake, pale pale.

Ramani ilipotoka, habari za jina, bila ile desturi, zilifika kanisani kwao Vällingby. Jumapili mchungaji alimsimamisha Wamaitha mbele ya watu: binti yetu, jina lake liko kwenye ramani ya dunia! Akina mama walipiga vigelegele. Kiprono alikuwa safu ya nyuma, magongo yamelala mapajani. Yeye pia alipiga makofi, polepole, na wengine wote walipokwisha yeye alikuwa bado anapiga.