Pazia Jekundu la Namalwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda bombani kuteka maji, Namalwa alipangusa masizi dirishani. Nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na Lanet zilipangana kando ya njia ya garimoshi, na kila gari lililopita liliwaachia moshi wake. Pazia lao lilikuwa la gunia la unga. Mama alilifua mpaka likawa jeupe, lakini maandishi ya kinu kilichosaga unga yalikataa kutoka.

Dirisha la jirani yao, Achola, lilikuwa na mapazia ya maua ya manjano. Upepo ulipovuma yalipepea nje, kana kwamba yanamcheka Namalwa.

"Sisi tukilala tunaona maua," Achola alimtania bombani. "Nyinyi mkilala njaa mnasoma unga!"

Watoto wakaangua kicheko. Namalwa naye alicheka, lakini moyoni alichomwa. Tangu siku hiyo hakupita chini ya dirisha lile bila kulikodolea jicho la husuda.

Mama alipouza kuku wake, alimpeleka Namalwa kwenye duka la vitambaa mjini Nakuru wakanunue pazia. Baba alikuwa Gilgil na genge lake, wakitengeneza njia ya reli.

"Chukua hiki cha kijani kibichi," Mama alisema. "Kitaficha masizi."

"Kama majani ya kunde? La, Mama. Nataka hicho chekundu. Kitaonekana mbali kuliko cha akina Achola."

Mama, aliyekuwa ametoka Bungoma mwaka huohuo na hakujua mambo ya reli, hakuona ubaya. Lakini Namalwa alijua. Mara nyingi babake Achola, Mzee Obura, aliwakanya watoto wasichezee kitambaa chekundu karibu na reli. Mzee Obura ndiye aliyesimama kwenye kivuko, pale barabara inapokata reli, na kuwaonyesha madereva taa: kijani wapite, nyekundu wasimame. Siku ile dukani, wivu ulimziba Namalwa masikio.

Pazia lilitundikwa. Achola alipita jioni bila hata kugeuza shingo. Kwa hasira, Namalwa alichukua taa ya chemni akaiweka dirishani, nyuma ya pazia. Dirisha zima likawaka kama kaa la moto.

"Sasa utaliona tu!" alinong'ona.

Mara garimoshi lilipiga honi kwenye kona. Magurudumu yalilia chuma kwa chuma, gari likasimama ghafla, na abiria wakapiga mayowe. Mama aliinyakua taa akatoka mbio kwenda kutazama. Dirisha likawa giza.

"Nani ameonyesha nyekundu?" dereva alifoka.

"Mimi nimeshika kijani, bwana. Tazama mwenyewe," Mzee Obura alijibu.

"Nimeiona kwa macho yangu!"

Mkuu wa stesheni alifika akihema. "Obura, abiria mmoja mzee amegonga kichwa huko ndani ya gari kwa sababu yako. Kesho urudishe taa na ufunguo wa nyumba."

Namalwa alikuwa amemfuata Mama nje, akasimama nyuma yake. Wakati huohuo wazo baya lilimjia, tena tamu: wakifukuzwa, mapazia ya manjano yatakwenda nao. Akanyamaza.

Asubuhi dirisha la akina Achola lilikuwa tupu. Achola alikuja mlangoni, macho yamevimba, amekumbatia kitu kilichokunjwa.

"Chukua," alisema. "Nyumba ya nyanya kule kwetu ina kidirisha kidogo tu. Mama anasema nikupe wewe. Na ile habari ya unga... nilikuwa nakutania tu."

Namalwa alitazama maua yale ya manjano aliyoyatamani siku zote. Mikono yake ilikataa kunyooka. Aligeuka, akalivuta pazia jekundu mpaka kamba ikakatika, akakimbia nalo hadi stesheni.

"Si Baba Achola!" alilia mbele ya mkuu wa stesheni. "Ni mimi! Niliweka taa nyuma ya hili!"

Mkuu alimtazama, akalitazama pazia. Jioni walilitundika tena na taa nyuma yake, kabla ya saa ya gari lolote, wakaenda kusimama kwenye kona pamoja na dereva wa jana. Dereva aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hiyohiyo," alisema. "Mzee Obura, nisamehe."

Mzee Obura alirudishiwa taa na ufunguo wake. Namalwa alipiga magoti mbele yake, hawezi kuinua uso.

"Inuka, binti yangu," mzee alisema. "Umesema kweli, ingawa umechelewa. Hebu niambie, pazia lile ulimwekea nani?"

"Achola," Namalwa alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi ndiyo sababu halikuwafaa. Pazia huwekwa kwa ajili ya walio ndani, liwasitiri na kuwakinga na vumbi. Ukilitundika ili jirani aumie, utaumia wewe kwanza. Wivu ni kama taa uliyoiweka pabaya: inawapoteza hata wasiokukosea."

Kisha akacheka. "Lakini kitambaa ni kizuri. Bendera yangu nyekundu ya kusimamishia magari mchana imechakaa."

Jumamosi Namalwa na Achola waliketi kizingitini wakipinda ncha za bendera mpya. Juu yao, dirishani, gunia la unga lilipepea.

"Bado linasomeka," Achola alisema.

"Soma basi," Namalwa akamjibu, "kisha ingia ule ugali."