Chuo cha Mabata na Chuo cha Lami

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hattie Sugden alipiga tarumbeta jikoni wakati birika la chai likichemka. Nyumba za mtaa wao zilishikana ukuta kwa ukuta kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, kwa hiyo alichokipiga Hattie kilisikika vizuri kwa jirani yao, Mzee Platt. Hattie akikosea, Mzee Platt aligonga ukuta mara moja. Akirudia vizuri, ukuta ulikaa kimya. Mzee huyo alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya kijiji cha Harthwaite tangu enzi za mgodi wa makaa ya mawe. Mgodi ulifungwa, bendi ikabaki, na sasa nafasi yake alikuwa ameikalia Hattie.

Asubuhi hiyo ya Februari ukuta uligongwa, ukagongwa tena, kisha ukagongwa kwa nguvu zaidi.

"Mzee Platt amekasirika leo," Mama alisema huku akipaka mkate siagi.

"Si yeye aliyekasirika," Baba alijibu. Alikuwa ametoka kazini kwenye kiwanda cha mikate, na nyusi zake zilikuwa bado nyeupe kwa unga. "Aliyekasirika ni huyo anayepuliza."

Hattie aliweka tarumbeta mezani kwa kishindo. "Nimekasirika kwa sababu hakuna anayenisikiliza. Nataka kujibu leo. Nimeshachagua!"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Hattie alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na vyuo vikuu viwili vilikuwa vimemkubali, mradi tu afaulu mitihani yake. Kimoja kilijengwa peke yake mashambani, mbali na mji: madarasa, mabweni, maktaba, duka na ziwa lenye mabata, vyote vikiwa ndani ya eneo moja. Kingine kilikuwa katikati ya jiji, karibu zaidi na nyumbani. Hicho hakikuwa na ukuta wala lango. Jengo lake moja lilikuwa karibu na benki, jingine nyuma ya kituo cha treni, jingine juu ya duka la viatu. Nyumbani kwao viliitwa Chuo cha Mabata na Chuo cha Lami.

Hattie alikitaka cha Mabata. Alichobakisha ni kubonyeza tu kwenye kompyuta, na huko ndiko ambako angeishi miaka mitatu.

"Ukiniuliza mimi..." Baba alianza.

"Sijakuuliza, Baba."

"Nakuambia hivyohivyo. Chuo cha Lami umekichukia kwa sababu ya soksi."

"Soksi?"

"Soksi zako zililowa."

Mama alicheka ndani ya kikombe chake cha chai. Hattie hakucheka, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa na ukweli kidogo, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mwezi wa Oktoba walivitembelea vyuo vyote viwili kwenye siku za wageni. Siku ya Chuo cha Mabata jua liliwaka kana kwamba limelipwa. Wanafunzi waliovaa fulana za manjano waliwapokea kwa tabasamu, wakawagawia kalamu, mifuko na aiskrimu. Siku ya Chuo cha Lami mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walipotea njia, mwavuli wa Mama ukageuzwa na upepo, na basi likapita kwenye dimbwi na kummwagia Hattie maji machafu hadi magotini.

"Mvua hainyeshi kwenye chuo kimoja tu, mwanangu," Baba alisema.

"Wewe unataka nikae karibu na nyumbani, ndiyo maana!"

 Baba akachukua taulo na kwenda kujifuta unga.

Shuleni mambo hayakuwa bora. Rafiki yake Saira alikuwa ameshachagua Chuo cha Mabata, na Hattie alitumaini kwamba angalau yeye angemuunga mkono.

"Kwa nini unakitaka?" Saira aliuliza wakiwa wanakula chakula cha mchana.

"Kama wewe tu. Ni pazuri."

"Mimi sikukichagua kwa uzuri. Mimi nina pumu, Hattie. Nikikimbilia basi kwenye baridi na moshi, nafika darasani nikiwa hoi. Kule nitaamka, nitatembea kidogo, nimefika. Najua kwa nini naenda. Wewe je?"

"Kuna ziwa. Kuna mabata."

"Mabata wako hata nyuma ya duka la samaki na chipsi hapa kijijini," Saira alisema. "Nenda ukasomee pale, ni bure, na chipsi utapata."

Hattie alisukuma sahani yake ya pai na njegere. Alijisikia kama mtu aliyezungukwa na watu wenye majibu, ilhali swali lilikuwa lake. Baba alikuwa na maoni. Walimu walikuwa na maoni. Hata mwanamke wa duka la magazeti alimwambia kwamba jijini ataibiwa simu. Na sasa Saira, aliyechagua chuo hichohicho, alikuwa anamcheka.

Wiki iliyofuata shule zilifungwa kwa likizo fupi, lakini vyuo vikuu viliendelea na masomo. Jumanne asubuhi Baba alisimama mlangoni akiwa amevaa koti, ingawa alikuwa amefanya kazi usiku kucha.

"Twende tukavione tena vyote viwili. Hakuna anayetungojea, hakuna fulana za manjano. Tukirudi, ukibonyeza chochote sitasema neno."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mama yako ni shahidi."

"Nitashangaa sana," Mama alisema, "lakini nimesikia."

Hattie aliingia kwenye gari akiwa amenuna. Tarumbeta yake ilikuwa kwenye buti la gari, kwa sababu jioni kulikuwa na mazoezi ya bendi, na Baba, aliyepiga ngoma kubwa, hakupenda kuchelewa.

Walipofika Chuo cha Mabata, kulikuwa na manyunyu na upepo uliokata masikio. Mabata wenyewe walikuwa wamejibanza chini ya daraja. Nyasi zilizokuwa kijani mwezi wa Oktoba sasa zilikuwa matope, na njiani mtu alilazimika kuangalia asikanyage kinyesi cha ndege. Lakini Hattie aliona pia wanafunzi wakiitana kwa majina kutoka mbali, na maktaba yenye taa za joto, hatua chache tu kutoka mabwenini.

"Bado napapenda," alisema kwa sauti ya kuanzisha ugomvi.

"Ni pazuri kweli," Baba alikubali. "Mwezi wa Oktoba uliwauliza nini?"

Hattie alifikiri. Alikuwa ameuliza kama vitanda ni vikubwa. Alikuwa ameuliza kama aiskrimu inaweza kuongezwa.

"Basi leo uliza kitu ambacho hukukiuliza."

Kijana mmoja alikuwa akipita na kikapu cha nguo za kufua, kidevu chake kikishikilia soksi ya juu isianguke. Hattie alimsimamisha, na jambo la kwanza lililomjia kinywani likamshangaza yeye mwenyewe.

"Samahani, kaka. Hapa mtu anaweza kupiga tarumbeta wapi?"

"Tarumbeta?" Kijana alicheka, soksi ikaanguka. "Bwenini usithubutu! Kuta zetu ni kama karatasi. Mwenzangu akipiga chafya, mimi ndiye ninayefuta pua. Kuna chumba kimoja cha muziki, lakini wanaosomea muziki ndio wanaotangulia, na mwisho wa wiki kinafungwa."

"Na bendi ya matarumbeta?"

"Hakuna. Ya magitaa ipo. Ila ukitaka utulivu, dada, hutapata mahali kama hapa. Mimi nimezaliwa London karibu na reli. Usiku wa kwanza nililala hapa nikadhani nimekuwa kiziwi. Sasa sihami hata kwa dawa."

Kijana aliokota soksi yake na kwenda. Hattie alibaki amesimama kwenye manyunyu. Utulivu ule aliousifu kijana ulimzunguka kila upande. Akajaribu kuwaza asubuhi moja baada ya nyingine bila tarumbeta, bila ukuta kugongwa, akashindwa.

Ndani ya gari alilia kwa hasira. "Haya, umeshinda!"

"Sijashinda chochote," Baba alisema polepole. "Hujui bado kama kule kwingine kuna nafuu. Mimi pia sijui."

Walifika jijini mchana, na mvua ilikuwa imekuwa kubwa. Kama mwezi wa Oktoba, walipotea. Kama mwezi wa Oktoba, soksi za Hattie zililowa. Waliingia kwenye jengo walilodhani ni chuo, kumbe ni benki. Walipotoka, Hattie alikuwa tayari kurudi nyumbani na kuvikataa vyuo vyote.

"Nitafanya kazi kiwandani kwako," alisema. "Nitakanda unga."

"Saa nane za usiku? Wewe ambaye huamki bila kuitwa mara tatu?"

Ndipo Hattie alipomwona msichana akipanda ngazi za jengo la jirani, mgongoni amebeba mkoba mweusi mkubwa karibu kama yeye. Mtu wa Harthwaite hahitaji kuambiwa kilichomo ndani ya mkoba wa namna hiyo. Ni tuba, tarumbeta nene kuliko zote.

"Dada! Hiyo ni tuba?"

"Hapana, ni mtoto wangu," msichana alijibu akihema. "Mzito, analia sana, na kila nyumba ninayopanga wananiuliza ninaye wa nini." Kisha akamtazama Hattie vizuri. "Umejuaje? Unapiga?"

"Tarumbeta. Ya kawaida."

Msichana huyo, aliyeitwa Ifeoma, alishika reli ya ngazi kana kwamba ataanguka. "Unayo hapa? Usinidanganye. Tunaanza mazoezi sasa hivi kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, sisi wanafunzi na wazee wa mjini pamoja. Mpiga tarumbeta wetu wa tatu aling'olewa jino jana, uso umevimba kama boga."

Hattie alimwangalia Baba. Baba alikuwa ameshageuka, anakimbilia buti la gari kwenye mvua bila mwavuli.

Ukumbi ulikuwa na baridi na ulinuka makoti yaliyolowa, sawasawa na ukumbi wa Harthwaite. Hattie aliketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya mwanamke mwenye mvi aliyemsogezea karatasi ya muziki bila kuuliza jina. Walianza. Vidole vya Hattie vilikuwa vimekufa ganzi, na kwenye mstari wa pili alikosea.

Yule mwanamke, bila kugeuza kichwa wala kuacha kupiga kwa mkono wa pili, aligonga stendi ya Hattie kwa penseli. Mara moja.

Waliporudia, Hattie alipiga vizuri. Penseli ikakaa kimya.

Baadaye, baba na mtoto walikaa ndani ya gari, wakila chipsi zenye siki, vioo vikiwa vimejaa ukungu. Baba hakusema neno. Alikula, akafuta vidole, akatazama mvua.

"Sema basi," Hattie alisema hatimaye.

"Niliahidi nisiseme."

"Nakuomba useme, Baba."

Baba aliweka chipsi zake juu ya dashibodi. "Kwanza nikiri. Asubuhi ile ulisema nataka ukae karibu na nyumbani. Ulisema kweli. Nilijifanya nafikiria faida yako, kumbe nilikuwa nafikiria jinsi nyumba itakavyokuwa kimya. Nisamehe."

Hattie alimwegemea begani.

"La pili. Usije ukamwambia Saira kwamba Chuo cha Mabata ni kibaya. Kwake ni kizuri, kwa sababu alijua anachohitaji kabla hajaenda kuangalia. Wewe ulikwenda kuangalia kwanza, jua likakuamulia. Siku ya wageni kila mahali panapendeza, mwanangu. Hata sisi, wageni wakija, Mama yako anasukumia nguo chafu zote chumbani kwetu na kufunga mlango. Mahali utakapoishi, patazame siku ambayo hawakutegemei. Na kabla ya kuuliza pako vipi, jiulize wewe huwezi kuishi bila nini."

"Na kama nisingekutana na Ifeoma?"

"Ungeuliza mtu mwingine. Leo ulikuwa na swali. Oktoba ulikuwa na mfuko wa kalamu."

Kesho yake asubuhi, birika likiwa bado halijachemka, Hattie alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni na kukichagua Chuo cha Lami. Baba alikuwa amelala. Mama alimbusu kichwani, akasema, "Tutakununulia soksi."

Kisha Hattie akachukua tarumbeta. Alikuwa na furaha mno, akapuliza kwa haraka mno, na akakosea. Ukuta uligongwa mara moja. Hattie akacheka, akavuta pumzi, akarudia.