Tasbihi Juu ya Kanzu

Jumamosi moja ya Agosti 1956, kabla kidogo ya magharibi, Bimdogo aliingia mikokoni Mbegani, karibu na mji wa Bagamoyo, kuokota kuni. Alichokiona kwanza ni kanzu. Ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya gogo, viatu viko pembeni, na juu ya kanzu imewekwa tasbihi. Mbele kidogo kijana alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, damu imemgandia kisogoni. Alikuwa bado anapumua.

Alikuwa Husseni, mzaliwa wa Mbegani hapo hapo, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kampala, aliyekuja nyumbani kwa likizo. Haikufika isha, Bagamoyo nzima ilikuwa imekata shauri kwamba alitaka kujiua. Mji mdogo una kipaji cha kumaliza kesi kabla polisi hawajavaa viatu.

Sajini Mwinyijuma hakuwa na raha na kesi ile. Sheria ya serikali ilisema anayejaribu kujiua akapona, ashtakiwe. Akiandika hivyo, Husseni atazinduka akute askari kando ya kitanda, na chuo ndiyo basi tena. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikwisha kumwambia anataka jibu Jumatatu.

Jumapili asubuhi alikwenda hospitali. Husseni hakuwa na fahamu. Dresa, mfunga vidonda wa zamu, alimwonyesha jeraha.

"Ni kisogoni, Sajini. Na alikutwa kifudifudi."

"Mtu akiteleza akajigonga kisogo, ataangukaje?"

"Chali," alisema dresa.

Kando ya kitanda alikaa Mwajabu, dada wa mgonjwa. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulizungumza na kaka yako?"

"Adhuhuri, tulipokula. Aliniambia jioni ana neno la kunieleza, nisitoke. Mtu anayekwenda kufa atamwambia dada yake asitoke?"

"Neno gani?"

"Sikumwuliza. Nilidhani ni la arusi yangu. Mwezi ujao naolewa na Sadallah wa Miono, rafiki yake, wanasoma pamoja." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Laiti ningemwuliza."

Sajini aliandika maneno hayo, kisha akaelekea mtaa wa Dunda, kwa sababu mji ulikuwa na mshtakiwa mwingine pia: Bi Ashatu na kikao chake.

Bi Ashatu alikuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu. Kila Alhamisi baada ya alasiri, wakati wa likizo, aliwakaribisha nyumbani kwake wanafunzi wanne wa chuo kikuu. Walikaa kwenye mkeka, mmoja akasema linalomkaba roho, wengine wakamsikiliza hadi mwisho. Vijana hawa walikuwa wamebeba matumaini ya koo nzima, na hawakuwa na mahali pa kusema kwamba wanaogopa. Sharti lilikuwa moja, nalo waliliapia: kilichosemwa pale hakitoki nje. Watu wa mtaani waliona ni mambo ya kizungu, au uchawi, kutegemea unamwuliza nani.

Kati ya hao wanne, Seleman alikuwa amelazwa na malaria kwa wiki mbili, kitanda cha tatu kutoka kwa Husseni. Walibaki Sadallah na Kibwana.

Alimkuta Sadallah kwa mjomba wake hapo mjini, ndiyo kwanza ametoa salamu ya mwisho ya adhuhuri. Kijana alimwomba amngoje amalize uradi, akawa anahesabu kwa vifundo vya vidole. Alipomaliza, alisema bila kuvutwa ulimi.

"Inaniuma kuvunja ahadi, Sajini, lakini ukweli lazima usemwe. Husseni alitueleza kikaoni. Masomo yamemshinda nguvu, hapati usingizi, anaiwaza bahari. Alisema siku atakayokwenda ataacha tasbihi ya babu yake juu ya kanzu, ili mama yake ajue hakusukumwa na mtu."

"Lini hiyo?"

"Alhamisi ya wiki ya juzi."

"Na Alhamisi hii iliyopita?"

"Sikuwapo. Nilikuwa Miono, matangani kwa shangazi. Nilirudi Ijumaa."

"Jumamosi alasiri?"

"Nililala hapa. Nilikuwa hoi kwa safari."

Kibwana, mtoto wa mvuvi wa Dunda, alikuwa kinyume chake kabisa. Alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Yaliyosemwa kikaoni sisemi, Sajini. Niweke ndani ukitaka."

"Majirani wanasema uligombana na Husseni."

"Niligombana naye."

"Kwa lipi?"

"Hilo nalo ni la kikaoni."

"Jumamosi alasiri ulikuwa wapi?"

"Nilitembea peke yangu."

Askari yeyote angemweka ndani, na Sajini alikaribia kufanya hivyo. Kilichomzuia ni kwamba kijana hakumtupia mtu mwingine neno ili kujiokoa. Sadallah, aliyezungumza vizuri, alikuwa amempa kila kitu mkononi, na hilo lilianza kumkera.

Alasiri alifika kwa Bi Ashatu. Naye alikataa kusema.

"Hao ni watoto wangu. Nikifungua mdomo leo, kesho hakuna atakayefungua wake."

"Na ukinyamaza, Husseni atashtakiwa."

Mama yule aliinamisha kichwa. Sajini akatoa tasbihi iliyokutwa juu ya kanzu. "Basi nitambulie hii tu. Ni ya Husseni?"

Bi Ashatu aliishika, akaigeuza. Kisha akaenda chumbani, akarudi na tasbihi nyingine ya punje za msandali, imechakaa kwa kushikwa.

"Maneno ni yao," alisema. "Lakini hiki nilikabidhiwa mimi. Hii ndiyo ya babu yake. Alinipa mwenyewe Alhamisi hii, kikaoni. Kwa nini alinipa, usiniulize."

Hakukuwa na haja ya kumwuliza. Sajini aliiazima ile tasbihi, kisha akamwomba aite kikao.

Jumatatu asubuhi walikaa kwenye mkeka, Sajini akiwa mmoja wao, buti zake zimebaki mlangoni. Aliweka katikati ile tasbihi ya mikokoni.

"Sadallah, hii ya nani?"

"Ya Husseni."

Akaweka ya pili. "Na hii?"

Kibwana alikuwa ameifahamu ya msandali, alifumba macho.

"Aliyeipanga ile kanzu," alisema Sajini, "alisikia kikao cha wiki ya juzi, hakusikia kilichofuata. Hakujua kwamba Husseni alikwisha kubadili nia, akaitoa tasbihi kwa hiari yake. Kibwana alikuwapo, alijua. Seleman yuko wodini. Tena, Jumamosi saa kumi alasiri maji yalikuwa yanapwa. Husseni na Kibwana wamezaliwa na bahari mlangoni. Hakuna kati yao ambaye angelaza mtu ukingoni akingoja maji yanayoondoka yaje kumchukua. Ni mtu wa bara, wa Miono, asiyejua maji. Sadallah, jana ulihesabu uradi kwa vidole. Tasbihi yako iko wapi?"

Mkono wa Sadallah uliingia mfukoni, ukakaa huko huko.

"Nilimpekua nikaikosa," alisema hatimaye. "Nikaweka yangu."

"Kwa nini?"

Alimtazama Bi Ashatu, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu aliye kikaoni. "Nilishindwa mtihani mara mbili. Chuo kilinirudisha tangu mwezi wa nne. Nyumbani hawajui. Ukweni hawajui. Hapa niliwaambia, na Husseni alilia pamoja nami. Kibwana alitaka niseme nje siku ile ile. Husseni akamgombeza, akasema tumeapa."

"Ndiyo ugomvi wenu," Sajini alimwambia Kibwana. Kibwana aliitikia kwa kichwa.

"Jumamosi aliniita tutembee Mbegani," aliendelea Sadallah. "Akasema nimweleze Mwajabu kabla ya jua kuzama, nisipomweleza atamweleza yeye. Nikamwambia, umeapa. Akasema, nimeapa, lakini yule ni dada yangu. Akanipa mgongo akaelekea nyumbani. Niliokota gongo. Sikutaka afe, Bi Ashatu. Nilitaka anyamaze."

"Ulimvua kanzu ukaikunja," alisema Sajini taratibu. Sadallah akaanza kulia, na hakuna aliyemgusa.

Husseni alizinduka Jumanne. Hapakuwa na askari kando ya kitanda. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama Mwajabu ameambiwa.

Alhamisi Kibwana alikwenda kikaoni kwa mazoea tu. Alimkuta Bi Ashatu peke yake. Muda si muda Mwajabu alitokea mlangoni. Hakuvua ndara, wala hakuamkia.

"Arusi yangu ilibaki wiki tatu," alisema. "Kila Ijumaa nilikuwa napita hapa na mamangu, nawasalimu, mnanipongeza. Nataka kujua jambo moja. Habari za Sadallah, nyinyi nyote mlijua?"

Kibwana alitazama mkeka. Bi Ashatu alifungua mdomo aseme habari za kiapo, za siri, za vijana wanaohitaji mahali pa kulia, lakini aliuona uso wa yule binti, akayaacha yote.

"Tulijua, mwanangu," alisema.

Mwajabu alingoja kuona kama kuna neno zaidi. Halikuwapo.