Masaa Tisa ya Fundi

"Masaa tisa?"

"Ndiyo, mpenzi. Tisa."

"Unashuka ndege moja, unasubiri nyingine, katikati masaa tisa. Utakuwa unafanya nini humo?"

"Uwanja wenyewe mkubwa. Mtu anahitaji muda."

Chapchap aliitoa simu sikioni akaitazama. Huyu mwanamke kazi yake ni kukata tiketi za ndege, na jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna aliyemshinda kwa kuunganisha safari: unashuka, unakimbia kidogo, unapanda, umefika kwenu. Alijivunia hilo kuliko hata sura yake, na sura anayo. Leo wa kumfundisha habari za viwanja awe mchumba wake Fundi, mtu wa kutengeneza lifti huko ughaibuni?

"Fundi, uwanja ule masaa mawili yanatosha. Matatu kama wewe ni mwoga."

"Basi mimi ni mwoga."

"Na kwa nini umekatiwa tiketi kwingine? Mimi nimekufa?"

"Nilikuwa napita karibu na ofisi yao."

Alijibu haraka mno, kama mtu aliyelikariri jibu. Chapchap akakata simu bila kuaga.

Keshia, anayekaa meza ya pili hapo ofisini, alikuwa ameacha kazi yake zamani, masikio yote huku.

"Mji huo anaobadilishia ndege, si ndiko anakoishi yule mpenzi wake wa zamani, yule mwalimu?"

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe, shoga. Tena ulinung'unika wiki nzima."

Chapchap akageukia kompyuta yake.

"Mwanaume asiyeweza kungoja chai ipoe," Keshia akaendelea, "leo akae masaa tisa peke yake anaangalia ukuta? Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi simo."

Hayumo, lakini moto ameshauwasha. Chapchap akamwandikia Fundi ujumbe:

"Badilisha tiketi leo. Usipobadilisha, shela nairudisha dukani na usijisumbue kuja."

Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi:

"Siwezi kubadilisha. Nakupenda. Tutaongea nikifika."

Harusi ilikuwa keshokutwa.

Kesho yake, siku ya safari, Chapchap hakwenda kazini. Kwenye simu aliona ndege ya kwanza imetua salama, tena kabla ya wakati. Akampigia Fundi. Hapatikani. Akapiga tena na tena, yule dada wa mtandao akamjibu kwa adabu ile ile. Moyoni akawa anamuona mwalimu amependeza, amesimama mahali pa kupokelea wageni na maua mkononi. Akakunja shela, akaitia kwenye mfuko, akaenda kwa wifi yake, dada wa Fundi, akamkuta sebuleni anapiga pasi vitambaa vya meza za harusi.

"Mfuko huo wa nini, wifi?"

"Shela. Naipeleka dukani. Nimekuja kukuambia wewe kwanza usije ukasikia kwa watu."

"Mmegombana?"

"Kaka yako yuko kwa mwanamke wake. Amejipa masaa tisa ya kumuaga."

Wifi akazima pasi, akakaa.

"Alinikataza kusema."

"Kumbe unamjua."

"Hakuna mwanamke, wifi. Unaukumbuka msiba wa baba?"

"Naukumbuka. Ndege ya Fundi ilichelewa kuruka, akafika tumeshazika."

"Ndege haikuchelewa." Wifi alikuwa anaongea akitazama kitambaa. "Tiketi ile alikatiwa na nani?"

Chapchap aliijua, alimkatia mwenyewe. Kulikuwa na safari mbili, na zote zingemfikisha kabla ya mazishi. Moja ilikuwa ya kusubiri sana uwanjani, nyingine ilikuwa ya kushuka na kupanda. Alimchagulia ya pili, akamwambia dakika za kubadilisha ndege zitamtosha.

"Alikimbia uwanja mzima na begi mgongoni," wifi akasema. "Alifika geti limefungwa. Ndege bado ipo, anaiona kwa kioo, na hawakumfungulia. Alilia pale chini, watu wakimruka."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema utajilaumu mpaka kufa. Akatuomba wote tuseme ndege ilichelewa."

Mwaka mzima Chapchap amekaa na watu hawa, amekula nao, amecheka nao, na hakuna hata mmoja aliyemnyooshea kidole.

Simu ikaita. Fundi, kwa video.

"Mpenzi, mtandao ndiyo nimeupata sasa hivi. Umeshairudisha shela?"

"Uko wapi?"

"Getini."

"Geti gani?"

"La ndege ya kuja huko. Wahudumu hata hawajafika."

Akazungusha simu. Viti vitupu, mlango uliofungwa, mtu wa usafi anasukuma kitoroli. Mwalimu hakuonekana.

"Umekula?"

"Bado. Naogopa kuondoka. Hata chooni sijaenda."

Chapchap akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo.

"Wifi ameniambia, Fundi."

"Nilimkataza yule."

"Ungeniambia wewe."

"Ningeanzaje? Ulinikatia ile tiketi huku unalia. Ulitaka nimuwahi baba."

"Ndiyo maana hukuniamini tena."

"Wewe nakuamini. Dakika zako ndizo siziamini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Baba nilimkosa. Harusi yangu siwezi kuikosa."

Chapchap akaazima simu ya wifi, akafungua ratiba ya uwanja ule.

"Nisikilize. Ndege yako ipo, na geti ni hilo hilo. Bado masaa manne. Nenda ukale."

"Una uhakika?"

Wateja walipomuuliza swali hilo alikuwa anawajibu kabla hawajalimaliza. Safari hii aliirudia ratiba kutoka juu, mstari kwa mstari, na Fundi akamngoja.

"Nimeangalia tena. Ni manne. Ila usiyamalize. Kula, nenda chooni, urudi ukae hapo hapo."

Fundi aliutazama ule mlango uliofungwa. Akautazama tena. Kisha akasimama, akavaa begi lake.

"Haya, naenda," akasema. "Lakini usikate simu."

"Sikati."